Ukuta na Mzigo: Historia ya Kutundika Vyombo vya Jikoni Mtoni

Nyumba za zamani za Mtoni, Temeke, jijini Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Kilwa na bonde la Mto Kizinga, zilijengwa kwa miti na udongo. Nguzo zilichimbiwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba pande zote mbili, katikati pakajazwa udongo na mawe madogo, kisha ukuta ukakandikwa. Mwenye uwezo aliupaka chokaa. Boriti nzuri zilikuwa za mikoko ya delta ya Rufiji, ambako majahazi yalizichukua pia kwenda Uarabuni na Ghuba. Katika ukuta wa namna hiyo udongo ulizuia upepo na macho ya watu, lakini mzigo ulibebwa na miti. Aliyetaka kutundika ungo au kibatari alitafuta nguzo kwanza, maana msumari uliopigwa kwenye udongo mtupu ulitoka na bonge lake. Kitu kizito hakikutundikwa ukutani kabisa. Chakula kilihifadhiwa kwenye susu iliyoning'inia darini, mbali na panya na paka, na vyombo vilivyooshwa vilianikwa kwenye kichanja uani, ambako ndiko jiko lilikokuwa.

Waliojenga kwa mawe ya matumbawe walikuwa na njia nyingine. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, vyombo vya thamani viliwekwa ndani ya zidaka, yaani nafasi zilizoachwa kwenye unene wa ukuta wenyewe. Hakuna kilichoning'inia, kwa hiyo hakuna kilichoanguka.

Saruji ndiyo iliyobadili mambo. Kiwanda cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na tofali za mchanga na saruji zikaanza kuushinda udongo mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanang'ang'ania bati na saruji huku wakidharau matofali ya kuchoma na vigae. Hoja yake ilikuwa na uzito, lakini mkazi wa mjini naye alikuwa na sababu zake: ukuta wa udongo hutaka kukandikwa upya baada ya masika. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, Mtoni na Tandika ziliingizwa katika awamu ya pili ya mradi wa viwanja na huduma uliotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu aliyehakikishiwa kwa mradi huo kwamba nyumba yake haitabomolewa aliona faida ya kuweka tofali.

Jiko nalo likahama polepole kutoka uani kuingia ndani, na pamoja nalo likaja kabati la ukutani. Asili ya jiko la namna hiyo ni Frankfurt, Ujerumani, ambako mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo la mita 1.9 kwa 3.44 lenye makabati yaliyofungwa ukutani, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizojengwa chini ya Ernst May. Inafaa kukumbukwa kwamba May mwenyewe alikuja Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu akiwa Nairobi mpaka aliporudi kwao katika miaka ya 1950. Lakini aliyelifikisha kabati hilo kwa mkazi wa Temeke ni fundi seremala, hasa wa mtaa wa Keko, kwanza kwa mbao za mninga na mkongo, baadaye kwa bodi za unga wa mbao uliogandamizwa. Kwenye tofali alitoboa kwa drili, akatanguliza plagi ya plastiki, akakaza skrubu. Popote alipotoboa palishika, ilimradi tofali halikupunjwa saruji.

Kizazi kimoja au viwili vya tofali viliwasahaulisha wengi swali la nguzo iko wapi. Bodi ya jipsamu imelirudisha. Bodi hii ya jasi iliyobanwa kati ya karatasi mbili ilitokana na ile iliyopewa hataza Marekani mwaka 1894, kwa jina la Augustine Sackett. Jijini Dar es Salaam bodi hiyo imezoeleka zaidi kwenye dari, ila leo hutumika pia kugawa vyumba katika maofisi na maghorofa. Unene wake ni kama milimita 12, na nyuma yake kuna uwazi na vyuma vyembamba vilivyosimamishwa kila sentimita 40 au 60.

Kabati lenye kimo cha sentimita 70 na kina cha 30, likiwa na uzito wa kilo 60 pamoja na vyombo vyake, halivuti kwenda chini tu. Kwa kuwa uzito wake umekaa mbele ya ukuta, skrubu za juu huvutwa nje kwa nguvu inayokaribia ile ya kilo 13, mchana na usiku. Jasi haihimili mvuto huo kwa muda mrefu, na mvuke wa jikoni huilegeza zaidi. Kwa sababu hiyo fundi makini huweka ubao au plaiwudi nene kati ya vyuma, kwenye usawa wa skrubu za kabati, kabla ukuta haujafunikwa. Ukuta ukiwa umeshafungwa, sumaku ndogo huonyesha mistari ya skrubu zilizoshika bodi, na hapo ndipo vyuma vilipo. Ubao mmoja mrefu hufungwa kukatisha vyuma viwili au vitatu, na kabati hubebwa na ubao huo. Vyuma visipopatikana, kabati lisitundikwe: lisimamishwe sakafuni kwa miguu yake.