Centre na Harvard: Msimu wa 1921

Chuo cha Centre kilianzishwa na Wapresbiteri mwaka 1819 katika mji mdogo wa Danville, jimboni Kentucky. Miaka mia moja baadaye bado kilikuwa na wanafunzi wapatao 300 tu, lakini timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa tishio.

Chimbuko la nguvu hiyo lilikuwa Fort Worth, Texas. Robert Myers, aliyesoma Centre, alikuwa akifundisha mpira huko katika sekondari ya North Side. Alipopewa timu ya Centre mwaka 1917, vijana wake walimfuata, wakiwemo Bo McMillin na Red Weaver, ambao walipitia kwanza sekondari ya Somerset, Kentucky, kukamilisha masomo waliyopungukiwa. Myers aliona mapema kwamba vijana hao wanahitaji kocha anayemzidi ujuzi, akampisha Charley Moran, mwamuzi wa besiboli ya kulipwa aliyewahi kuinoa Texas A&M. Kujiweka kando namna ile ni jambo kubwa, na sifa zake hazijatajwa vya kutosha. Kwa desturi yao ya kuomba kabla ya mechi, wachezaji waliitwa Makanali Wasalio.

Mwaka 1920 Centre walikwenda kucheza na Harvard, mabingwa wa Rose Bowl wa mwaka huo. Hadi mapumziko walikuwa sare 14–14. Kipindi cha pili wakazidiwa, wakashindwa 31–14.

Walirudi tarehe 29 Oktoba 1921, Harvard ikiwa imecheza mechi 25 bila kushindwa. Nusu ya kwanza haikuzaa pointi. Katika robo ya tatu McMillin aliuchukua mpira yadi 32 kutoka mstari wa mwisho, akakimbia kuelekea pembeni, akakata ghafla kurudi ndani na kuwapita walinzi hadi akavuka. Pointi hizo sita zilitosha, kwa kuwa ngome ya Centre haikupenyeka hadi mwisho. Danville ililipuka kwa shangwe, na alama C6H0, iliyoandikwa kama fomula ya kemia, ikapakwa rangi kwenye kuta za mji.

Ngome hiyohiyo ndiyo iliyoubeba msimu wote: katika mechi kumi za kwanza, zote za ushindi, ni St. Xavier pekee waliopata pointi, nao walipata sita. Kentucky walifungwa 55–0, na Arizona 38–0 mjini San Diego siku moja baada ya Krismasi.

Safari ndefu iliishia Dallas tarehe 2 Januari 1922, dhidi ya Texas A&M, timu ya zamani ya Moran. McMillin alifunga ndoa asubuhi ileile. Majeruhi walipozidi upande wa A&M, kocha Dana Bible alimwita E. King Gill kutoka jukwaani avae jezi na kukaa tayari. Hakuingizwa uwanjani, lakini desturi ya "mtu wa kumi na mbili" ya chuo hicho ilianzia kwake. A&M walishinda 22–14.

Msimu uliofuata, McMillin akiwa amekwisha kuondoka, Harvard walilipa kisasi kwa 24–10.