Ken Hawley na Historia ya Visu vya Kukunja vya Sheffield

Mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ulisifika kwa visu karne nyingi kabla ya kusifika kwa viwanda vikubwa vya chuma. Mwishoni mwa karne ya 14 Geoffrey Chaucer, katika Canterbury Tales, alimvisha msaga nafaka mmoja kisu cha Sheffield, na msomaji wa zama zile hakuhitaji kuelezwa maana yake. Mwaka 1624 Bunge likaunda Chama cha Wafua Visu cha Hallamshire, kisimamie ufundi na alama ambazo kila bwana kazi alizipiga kwenye bapa. Historia ya umri huo mtu angedhani imehifadhiwa vyema, lakini nusura ipotee katika miongo michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Kwa hukumu yangu, mtu aliyeifaa zaidi historia hiyo hakuwa mwenye kiwanda wala mwanazuoni. Alikuwa mwenye duka la zana aliyekuwa mkusanyaji, Ken Hawley, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2014. Aliifaa kwa sababu alikusanya vitu ambavyo wakusanyaji wenzake waliviona takataka.

Ili kuona kwa nini jambo hilo lilikuwa na uzito, ni lazima kwanza kujua jinsi kazi ilivyogawanywa. Kisu cha kukunja cha Sheffield hakikuwa kazi ya mtu mmoja. Mfuaji alikipiga chuma cha pua kikiwa moto mpaka kikapata umbo la bapa. Mnoaji akalikalisha bapa hilo kwenye jiwe la cherehe, zamani likizungushwa na maji ya mito ya Don, Sheaf, Porter, Loxley na Rivelin, baadaye na mvuke. Kisha mfua visu mwenyewe akaunganisha bapa, springi ya mgongo, mabati ya shaba ya ndani na kipini. Huyu wa mwisho ndiye aliyekipa kisu uhai. Kisu kizuri hujulikana kwa springi yake: kikiwa wazi, kikiwa kimefungwa, au kikiwa kimekunjwa nusu, springi hukaa sawasawa na mgongo wa kipini, na ukucha ukipitishwa juu yake haugusi ngazi. Hakuna kitabu kilichofundisha hilo. Mtoto alilijifunza kwa kukaa miaka karibu na mkubwa wake. Wengi wa wafuaji, wanoaji na wafua visu hawa hawakuwa hata waajiriwa wa kudumu. Walikuwa mafundi wadogo waliojitegemea, wakikodi sehemu ya benchi katika karakana za watu na kulipwa kwa dazeni. Jina lililopigwa kwenye bapa halikuwa lao. Lilikuwa la mwenye kampuni: Joseph Rodgers na nyota na msalaba wake, au George Wostenholm na alama ya I*XL iliyotamba Marekani. Mnoaji aliyevuta vumbi la jiwe mpaka mapafu yakamfia akiwa kijana hakuacha jina popote.

Kwa hiyo viwanda vilipokufa, kilichosalia mbele ya macho ya watu kilikuwa vitu vya fahari tu. Kipo kisu cha Rodgers cha mwaka 1822, kilichoanza na mabapa 1,822 na kikawa kikiongezewa mabapa kadiri miaka ilivyosonga. Kipo pia kile cha Norfolk, chenye mabapa 75, kilichopelekwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Ni kazi za kustaajabisha, na sisemi neno baya juu ya mikono iliyozifanya. Lakini kisu cha mabapa 1,822 hakimwambii mtu jinsi kisu cha kawaida cha mfukoni, kilichouzwa kwa mabaharia na wakulima kwa malaki, kilivyotengenezwa. Kinaeleza majivuno ya kampuni, na kazi ya kila siku kinaiacha pembeni.

Hapa ndipo alipoingia Hawley. Duka lake la zana katika mtaa wa Earl Street lilimfikisha kila karakana, akijuana na wafuaji, wachonga tupa na watengeneza misumeno kwa majina. Kampuni ilipofungwa, aliomba kuingia kabla ya mabaki kutupwa. Alichukua zana zenyewe, bila shaka, lakini alichukua pia bapa lililofuliwa na halijanolewa, kipini kilichokatwa na hakijang'arishwa, katalogi, karatasi za kufungia bidhaa, madaftari ya bei, picha. Alirekodi mafundi wazee wakiwa kazini na kuwauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Mkusanyiko huo ulipita vitu laki moja, ukawekwa chini ya wakfu ili usitawanyike kwa mnada baada ya kifo chake, na tangu mwaka 2010 una ukumbi katika Makumbusho ya Kelham Island, mjini humohumo. Laki moja inashtua kama hesabu, lakini uzito wote uko katika mpangilio. Ukiziweka hatua za kisu kimoja pamoja, kuanzia kipande cha pua hadi kisu kilichokamilika, unaisoma kazi ya watu watatu au wanne waliosahauliwa.

Uzito wa athari yake kwa wapenda visu unaonekana zaidi ukilinganisha na njia ya Marekani. Huko, kuanzia miaka ya 1960 na 1970, ukusanyaji wa visu vya mfukoni ulikua kwa kufuata vitabu vya bei. Kiwanda cha Case, Bradford, Pennsylvania, kilianza mwaka 1970 kupiga nukta kumi chini ya alama yake na kuondoa nukta moja kila mwaka, hivi kwamba mwaka wa kisu ukasomeka kwa macho. Ni mfumo safi na una faida. Lakini mtu akishajua mwaka na bei, anaweza kudhani amejua kisu. Tena palipo na bei kubwa kwa alama ndogo, hapakosi mtu wa kughushi alama. Mkusanyiko wa Hawley ulimfundisha mpenda kisu kuuliza jambo jingine: nani alikitengeneza, katika mtaa gani, kwa mkono wa aina gani. Mwanahistoria Geoffrey Tweedale, aliyetoa The Sheffield Knife Book mwaka 1996, amefuatilia mamia ya kampuni za mji huo, na leo wakfu wa Hawley umeyaweka maelezo yake kuhusu majina ya kwenye mabapa mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Mtu aliyerithi kisu chenye jina lililofutika nusu anaweza kupata historia ya mtengenezaji wake. Mghushi naye anapata shida zaidi, maana mnunuzi hategemei alama peke yake.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito wote. Husemwa kwamba ufundi hauishi makumbusho; unaishi mkononi. Aliyeweka hai kisu cha kukunja cha Sheffield, kwa hoja hii, ni Stan Shaw, aliyezaliwa mwaka 1926, akaingia katika kampuni ya Ibberson akiwa na umri wa miaka 14, na akaendelea kufua visu mpaka uzeeni kabisa. Alifariki mwaka 2021. Ni kweli kwamba hakuna kabati lenye thamani ya mikono ile. Lakini tazama nani aliyenunua kazi ya Shaw. Mkulima hakuwa tena na haja ya kisu cha vipini vya lulu chenye mabapa kumi; waliokihitaji walikuwa watu waliojua kutofautisha springi iliyokaa sawa na springi iliyolazimishwa, na ujuzi huo wa mnunuzi huletwa na mkusanyaji mwenye elimu. Fundi bila mnunuzi anayeelewa hushusha ubora au hufunga mlango. Kwa upande mwingine nakubali kikomo: filamu ya mnoaji haimfanyi mtazamaji kuwa mnoaji, na kutengeneza visu vya kukunja kumebaki miongoni mwa kazi za mkono zilizo hatarini Uingereza. Mkusanyiko unaweza kumfupishia kijana njia ya kujifunza. Hauwezi kumlipa mshahara wa miaka ya uanagenzi.

Pingamizi jingine linatugusa sisi wa pwani hii kwa karibu. Vipini bora vya Rodgers vilikuwa vya pembe za ndovu, na picha za ghala lake zinaonyesha pembe zimelundikwa. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki. Wapagazi walizibeba kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zikavuka kwa majahazi, na sehemu yake ikaishia kwenye minada ya London, ambako Sheffield ilinunua. Je, kumheshimu mkusanyaji wa vitu hivi si kuipamba biashara ile? Ingekuwa hivyo kama kisu kingeonyeshwa kwa uzuri wake tu. Sheria ya Pembe ya Uingereza, iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2022, imezuia karibu mauzo yote ya pembe, na ruhusa iliyoachwa kwa vitu vya kabla ya mwaka 1947 inahusu tu vyenye pembe chini ya asilimia 10. Kisu ambacho kipini chake chote ni pembe kwa kawaida hakikidhi kipimo hicho. Kinaweza kurithiwa au kutolewa, lakini soko limefungwa kwake. Mkusanyaji wa bei amepoteza. Mkusanyaji wa namna ya Hawley hajapoteza kitu, kwa kuwa thamani aliyoitafuta ilikuwa habari. Na njia yake, ikifuatwa kwa ukamilifu, haiishii kwenye benchi la mfua visu. Inadai kwamba daftari la mnunuzi wa pembe liwekwe kando ya kisu, na njia ya Tabora hadi Bagamoyo ichorwe kwenye kabati hilohilo, hatua ya kwanza ya kisu kabla ya bapa kufuliwa.