Kiongozi na Wanaoongozwa



Leo tuzungumze juu ya uongozi. Kazi ya watu wengi hustawi au hudhoofika kwa namna wanavyoongozwa, ijapokuwa majembe ni yale yale na ardhi ni ile ile.

Sisi wa Izia na Sumbawanga hatuna haja ya kwenda mbali. Kabla ya ukoloni, Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Hata hivyo, mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na alipowachosha waliweza kumwondoa. Kwa hiyo alilazimika kusikiliza kabla ya kuamuru. Wafipa hao ndio waliolima kwa matuta ya kufukia majani na kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, kazi zisizowezekana bila watu kupatana.

Baada ya uhuru, nchi yetu ilionja njia mbili. Huko Songea, wakulima wa Litowa walianzisha kijiji chao kwa hiari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikata shauri pamoja mikutanoni, na vijiji vingine vikajiunga nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wakapata kinu cha kusaga nafaka, kiwanda cha kupasua mbao na shule yao. Mwezi Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa viongozi wa TANU, na umoja ule ukasambaratika.

Kisha, Novemba 1973, ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha mashamba yao. Mwaka 1974 na 1975 taifa likaagiza chakula kingi kutoka nje. Ukame ulichangia, lakini haraka na amri nazo zilichangia.

Nia ilikuwa njema katika njia zote mbili. Kilichotofautiana ni kushauriana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeshirikishwa huiona kazi kuwa yake. Aliyeamrishwa hungoja msimamizi ageuke.

Basi, ewe uliyepewa dhamana ya kamati ya msikiti, ya shule au ya ushirika, uliza kabla ya kuagiza. Nanyi mnaoongozwa, semeni kweli kwa adabu, wala msinyamaze kikaoni mkanung'unika njiani.

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wasikivu na raia wakweli. Amin.