Maana Mbili za Kushinda: Barabara ya Kainuk na Vita vya Sudani, 1983–2005

Kitenzi kushinda kina maana mbili ambazo mwanafunzi mgeni huzichanganya. Ashindaye vitani ni yule aliyemwangusha adui. Ashindaye na njaa ni yule aliyekaa kutwa bila ya kutia kitu kinywani. Makala haya yadai kwamba katika vita virefu vya wenyewe kwa wenyewe, aghalabu mwenye kushinda kwa maana ya kwanza ni yule aliyeweza kushinda kwa maana ya pili. Ushahidi tutautafuta mahali ambapo ni nadra kutajwa katika vitabu vya vita: Kainuk, kituo kidogo mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, ambako barabara itokayo Kitale huvuka mto Malmalte na kuingia nchi kavu ya Lokichar, Lodwar, Kakuma na Lokichoggio.

Vita tunavyovizungumzia vilianza kwa maasi ya askari wa Bor, tarehe 16 Mei 1983. Kiongozi wao, John Garang, alikuwa amepata kukaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati ambapo wanafunzi wengi walijadili nadharia za vita vya ukombozi. Mao Zedong alikuwa amefundisha, mwaka 1938, kwamba vita virefu hupita hatua tatu: mnyonge hujihami kwanza, kisha nguvu hulingana, na mwishowe yeye ndiye anayeshambulia. Sasa yafaa izingatiwe kwamba kwa jeshi la Garang, SPLA, hatua ya tatu haikufika kamwe. Juba ilishambuliwa mwezi Juni na Julai 1992 isitekwe, ikabaki mikononi mwa serikali hadi siku ya mapatano. Khartoum, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, haikupata kutishwa.

Tena mwaka 1991 ulikuwa karibu kulimaliza jeshi hilo. Mwezi Mei Mengistu alianguka, na pamoja naye zikapotea kambi na ghala za Ethiopia. Mwezi Agosti makamanda wa Nasir, Riek Machar na Lam Akol, walijitenga. Wasudani wa kusini wakaanza kuuana wao kwa wao. Mwaka uliofuata serikali iliitwaa tena miji ya Kapoeta na Torit, na maelfu ya wakimbizi, wengi wao watoto wasio na wazazi, wakavuka mpaka hadi Lokichoggio na kupelekwa Kakuma, ambako kambi ilianzishwa mwaka huohuo wa 1992. Kwa kipimo cha mapigano peke yake, mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa nini basi hayakwisha? Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliyakuta mabuku ya vita rafu kwa rafu, yakihesabu mizinga na vikosi. Machache mno yalihesabu magunia. Baada ya njaa kuu ya 1988, Umoja wa Mataifa ulianzisha, mwezi Aprili 1989, mpango wa kupeleka chakula pande zote mbili za vita, na Lokichoggio ikawa kituo chake cha kusini. Tayari tangu 1987 Msalaba Mwekundu ulikuwa na hospitali huko Lopiding, ambako majeruhi walitibiwa. Nafaka iliteremshwa Mombasa, ikapakiwa kwenye malori, ikapanda hadi Kitale na kushuka kupitia Kainuk. Chakula kilikusudiwa raia, na raia wengi kiliwaokoa. Lakini si siri kwamba sehemu yake iliishia matumboni mwa askari. Khartoum iliifahamu vyema hesabu hiyo. Mapema mwaka 1998 ilizuia ndege za msaada kuruka Bahr el Ghazal, na njaa iliyofuata ikawa silaha kali kuliko bomu.

Hapo Kainuk magari yalisimama yakisubiri msafara wenye askari, maana mbele kulikuwa na bunduki. Baadhi ya bunduki hizo ni matunda ya ghala la Moroto lililoporwa Amin alipoanguka mwaka 1979. Nyingine zilitoka Sudani kwenyewe. Yaani barabara iliyovilisha vita ilikatwa na silaha zilizozaliwa na vita. Nao Waturkana, wenye ukame wao wenyewe, waliyatazama magunia yakipita kwenda kwa wengine. Sioni kwamba mwandishi wa historia ana haki ya kulipita jambo hili kimya.

Atakayepinga hoja yetu atasema kwamba muda haukuwa rafiki wa waasi, kwa sababu tangu Agosti 1999 serikali iliuza mafuta nje na kununua silaha zaidi. Ni kweli. Lakini Januari 2002 Machar alirejea, Juni Kapoeta ikatekwa, na tarehe 20 Julai mapatano ya Machakos yakaikubali haki ya kusini kujiamulia. Jambo kubwa zaidi lilipatikana Naivasha, Septemba 2003: SPLA ingebaki na jeshi lake. Mapatano ya Addis Ababa ya 1972 yalikuwa yameingiza wapiganaji wa Anyanya katika jeshi la taifa, na Nimeiry alipoyavunja mwaka 1983 kusini haikuwa na jeshi lake la kuyalinda. Garang hakulirudia kosa hilo. Mapatano ya mwisho yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Julai 2011.

Hata hivyo jeshi lililodumu kwa kuvumilia mgawanyiko, na ambalo tangu Januari 2006 lilipokea pia wanamgambo waliokuwa wakilipiga, lilibaki mkusanyiko wa makamanda, kila mmoja na watu wake. Tarehe 15 Desemba 2013 risasi zililia Juba, kikosi kwa kikosi. Kakuma ilijaa upya, na mwaka 2016 ikabidi pafunguliwe makazi mengine, Kalobeyei. Chakula chao kilipita tena katika daraja la Kainuk.