Bahari Ikichafuka, Treni Hupata Mzigo

Tarehe 18 Januari 2017, treni ya mizigo iliingia kituo cha Barking, mashariki mwa London, ikiwa na makontena 34 ya nguo, mabegi na bidhaa nyingine. Mzigo huo ulikuwa umeondoka Siku ya Mwaka Mpya kutoka Yiwu, mji wa China wenye soko la jumla ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanalifahamu vizuri. Ulipita Kazakhstan, Urusi, Belarus, Poland, Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, ukavuka kwa handaki lililo chini ya bahari, umbali wa kilomita 12,000 hivi. Vichwa vya treni na mabehewa vilibadilishwa njiani. Kilichotoka Yiwu na kufika London ni makontena yenyewe.

Wengi waliipokea treni hiyo kama jambo jipya. Lakini wazo la kuikwepa bahari kwa reli ndefu lilikuwa na nusu karne tayari, na lilizaliwa siku ambayo bahari ilifungwa.

Reli yenyewe ni ya zamani zaidi. Urusi ilianza kujenga Reli ya Siberia mwaka 1891, na kufikia 1916 ilikuwa imekamilika ndani ya ardhi yake, kutoka Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289. Ilijengwa kwa ajili ya askari, wahamiaji na utawala wa mbali. Mizigo ya mataifa mengine haikuwa hoja kubwa.

Hoja hiyo ilikuja Juni 1967, vita vya Israeli na majirani zake vilipoufunga Mfereji wa Suez. Ulikaa umefungwa miaka minane, hadi Juni 1975. Meli kati ya Asia na Ulaya zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama zikapanda. Moscow ikaiona nafasi. Makontena ya Japani yakaanza kupelekwa kwa meli hadi bandari ya Nakhodka, baadaye Vostochny, kisha yakapakiwa kwenye treni kuelekea Ulaya. Wasovieti walitoza nauli ya chini kwa sababu walihitaji fedha za kigeni. Makumi ya maelfu ya makontena yakawa yanapita Siberia kila mwaka.

Neema hiyo haikudumu. Suez ulifunguliwa, meli zikazidi kuwa kubwa na nauli zake zikashuka. Kisha Umoja wa Kisovieti ukasambaratika mwaka 1991, vikafuata ucheleweshaji, wizi wa mizigo na nauli za kubahatisha. Wenye mali wa Asia wakarudi baharini.

Wakati njia ya Siberia inadorora, mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Tarehe 12 Septemba 1990 reli ya China iliunganishwa na ya Kisovieti pale Alashankou, mpakani mwa China na Kazakhstan. Tatizo likawa reli zenyewe. China na sehemu kubwa ya Ulaya hutumia reli yenye upana wa milimita 1,435, ilhali Urusi, Kazakhstan na Belarus hutumia milimita 1,520. Tofauti ni milimita 85, kama upana wa kiganja, lakini inatosha kuisimamisha treni yoyote.

Kwa hiyo mpakani treni mbili husimama sambamba, kila moja kwenye reli yake. Winchi kubwa hupita juu yake, hunyanyua kontena moja moja kutoka behewa la upande huu na kulishusha kwenye behewa la upande ule. Kazi hiyo hufanyika mara ya kwanza mpakani mwa China na Kazakhstan, na hurudiwa mpakani mwa Belarus na Poland, kati ya Brest na Małaszewicze. Treni iliyotoka Yiwu kwenda Madrid mwaka 2014 iliongezewa kituo cha tatu, kwa kuwa reli ya kawaida ya Hispania ina upana wake. Hali hii si ngeni kwetu: pale Kidatu, reli ya kati ya Tanzania hukutana na TAZARA, nazo hazilingani upana, hivyo mzigo hauna budi kuhamishwa.

Aliyeifufua njia ya reli ya kwenda Ulaya ni mtengenezaji wa kompyuta. Kampuni ya HP ilipohamishia utengenezaji wa kompyuta mpakato Chongqing, ndani kabisa ya China, ilijikuta mbali na bahari. Kwa meli, mzigo ulipaswa kwanza kushuka Mto Yangtze hadi Shanghai, ndipo uanze safari ya wiki nyingi kuelekea Ulaya. Kompyuta hushuka thamani kadiri inavyokaa njiani. Ndege ni ya haraka ila ni ghali mno. Treni ikakaa katikati: ni ghali kuliko meli, ni rahisi kuliko ndege, na huchukua takriban nusu ya muda wa meli. Urusi, Belarus na Kazakhstan nazo zilikuwa zimeunda umoja wa forodha, hivyo ukaguzi wa mipakani ukapungua. Machi 2011 treni ya kwanza ya Chongqing ikaelekea Duisburg, Ujerumani, safari ya kilomita 11,000 na ushei.

Mwaka huo treni za aina hiyo zilikuwa 17 tu. Mwaka 2020 zilizidi 12,000. Lakini ukuaji huo haukuletwa na soko peke yake. Serikali za majimbo ya China zilitoa ruzuku nono, kila mji ukitaka treni yake ya kwenda Ulaya. Makontena mengi yalirudi matupu, kwa kuwa Ulaya haikuwa na mzigo wa kutosha wa kurudisha.

Bahari nayo iliendelea kuipa treni kazi. Machi 2021 meli Ever Given ilikwama Suez kwa siku sita. Kuanzia Novemba 2023 mashambulizi ya wapiganaji wa Kihouthi katika Bahari ya Shamu yakazirudisha meli nyingi Rasi ya Tumaini Jema, kama ilivyokuwa baada ya 1967. Kila mara wenye mali waliulizia nafasi kwenye treni.

Hata hivyo, nchi kavu nayo ina dhoruba zake. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, kampuni nyingi za Ulaya ziliikimbia njia ya Urusi, na nyingine zikajaribu njia ya Bahari ya Kaspi kupitia bandari za Aktau na Baku. Septemba 2025 Poland ilifunga mpaka wake na Belarus kwa takriban wiki mbili, na treni za China zikakwama.

Kuna pia hesabu ambayo hakuna ruzuku inayoweza kuibadili. Treni moja hubeba makontena 40 hivi ya futi 40. Ever Given peke yake ina nafasi ya makontena 20,000 ya futi 20, yaani mzigo wa treni karibu 250. Ndiyo maana sehemu kubwa ya biashara ya Asia na Ulaya bado iko majini. Reli inamfaa mwenye mali ya thamani inayowahi soko. Anayetafuta nauli ndogo bado ataisubiri meli.