Njia Ambayo Smuts Hakuijua

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro na kukuta adui amekwisha kuuhama mji. Jenerali Jan Smuts alikuwa ametarajia kumbana Paul von Lettow-Vorbeck hapo, kati ya reli na ukuta wa milima ya Uluguru. Alituma vikosi vizunguke milima kwa magharibi, kupitia Mlali, na vingine kwa mashariki, akiamini kwamba mtu akizishika mbavu mbili za mlima, katikati pamefungwa. Baadaye, katika taarifa yake rasmi, alikiri kwamba wakati ule hakufahamu kuwa iko njia inayotoka Morogoro kwenda kusini moja kwa moja, ikipenya milimani hadi Kisaki. Wajerumani na askari wao Waafrika waliponyoka, pamoja na msururu wa wapagazi waliobebeshwa risasi na unga. Vita havikuisha Morogoro. Viliendelea hadi Novemba 1918.

Wanahistoria wa vita huipita sentensi hiyo haraka, wakakimbilia mapigano ya Kisaki. Mimi imenikaa. Jenerali mwenye ndege za upelelezi na maofisa wa ramani hakuijua njia ambayo watu walioishi pande zote za safu ile waliitembea kwenda kuoa, kuzika na kuuza mazao. Hakuna aliyeificha, ila haikuwa na alama ambayo mgeni angeweza kuisoma.

Nilitaka kujua njia ya namna hiyo ikoje chini ya nyayo. Kwa hiyo mwezi wa tisa nilipanda Lupanga, kilele kinachotazama mji wa Morogoro, chenye urefu wa mita 2,138 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Tofauti hiyo ya mita 1,600 unaipanda na kuishuka kwa siku moja, na sehemu kubwa yake ni msitu wa mvua.

Tuliondoka upande wa Bigwa kabla jua halijachomoza, mimi na kijana wa Kiluguru aliyekubali kuniongoza. Alikuwa na panga, chupa ya maji na ndala. Viatu vyake alivifunga kiunoni, akasema atavivaa tukifika kwenye matope. Saa ya kwanza tulipita kwenye migomba, mihogo na nyumba za udongo zilizoshikilia mteremko. Kisha tukafika mahali ambapo mashamba yanakoma ghafla, kama yamekatwa kwa rula.

Mstari huo una historia yake. Mwaka 1909 serikali ya Kijerumani ilitenga misitu ya Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini kuwa hifadhi. Waingereza wakaurithi mpaka, na Tanganyika huru nayo ikaurithi. Mwaka 2008 misitu hiyo iliunganishwa, pamoja na pengo la Bunduki lililokuwa katikati, ikawa hifadhi moja ya mazingira asilia. Sababu ya kuulinda msitu ni ya kweli. Mlima huu huvuna mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Mito yake inaulisha Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Mwaka 1872 Henry Stanley, akirudi kutoka kumtafuta Livingstone, aliukuta mji wa Simbamwene, uliokuwa karibu na Morogoro ya leo, umebomolewa na mafuriko ya Ngerengere. Mto huo unatoka milima hii hii. Anayeishi chini ya Uluguru ana haki ya kuuliza nani anakata miti huko juu.

Lakini mpaka ulichorwa na watu waliouona mlima kama miti na maji tu. Waluguru ni watu wa koo zinazofuata upande wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo: kila bonde lina wenyewe, na wenyewe wana makaburi na mahali pao pa kuombea. Mstari wa 1909 ulipita juu ya hayo yote bila kuyaona, kama ramani ya Smuts ilivyopita juu ya njia ya Kisaki.

Ndani ya msitu njia ilibadilika. Mara ilikuwa mfereji wa maji ya mvua, mara ngazi ya mizizi, mara haikuwapo kabisa. Ukungu ulishuka, kila shina likawa na koti la kuvumwani, na mwanga ukawa wa kijani. Mahali pengine tulipanda kwa mikono zaidi ya miguu. Nilihesabu alama za rangi nilizoziona toka mpakani: mbili, na moja ilikuwa kwenye mti ulioanguka, ikielekeza bondeni.

“Mwalimu, usishike huo, una miiba,” aliniambia, mkono wangu ukiwa umekwisha kunyooka.

Tulipopumzika nilimuuliza anaijuaje njia. Alinionesha kovu la zamani la panga kwenye gome, ambalo nilikuwa nimelipita bila kuliona. Akaniambia nisikilize: maji yakisikika kulia, tuko sawa, yakisikika pande zote mbili, tumeingia kwenye mgongo usio wetu. Na kila mahali pana jina. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alijibu, “Mjomba.” Kwa watu wanaofuata upande wa mama, jibu hilo linatosha: urithi hushuka kwa njia hiyo, na huu ulikuwa urithi.

Juu yetu alilia ndege ambaye hatukumwona. Uluguru ina aina za viumbe ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani, akiwamo kipwe mmoja mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano. Franz Stuhlmann alikusanya mimea hapa mwaka 1894, Arthur Loveridge akaja kukusanya wanyama mwaka 1926. Majina yao yamebaki katika majina ya kisayansi ya mimea, ndege na vyura. Wenyeji waliowapitisha kwenye miteremko hii hawamo katika majina hayo.

Tukiwa njiani nilimuuliza pia kuhusu 1955. Hakuwa amezaliwa, wala mama yake, lakini alijua. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwa wataalamu ilikuwa hesabu safi. Ila kwenye miteremko mikali yenye udongo mwembamba, kuchimba ngazi ni kuufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usioota kitu. Upande wa Mgeta, ambako mboga zililipa, matuta mengi yalipokelewa. Upande wa mashariki watu walichoka kupigwa faini kwa kazi waliyoona inaua mashamba. Julai 1955 walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjwa, na TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ikapata wafuasi wengi milimani.

“Walitaka kutufundisha mlima,” alisema kijana, akaendelea kupanda.

Kileleni hapakuwa na mandhari. Palikuwa na miti mifupi iliyopinda, ukungu, na baridi. Tulikula viazi vya kuchemsha tumesimama. Nilimuuliza kama angependa hifadhi iweke alama nzuri, kila mita mia, ili wageni wapande bila shida. Alifikiri kabla ya kujibu. Alama zikiwekwa, alisema, mgeni hatamhitaji yeye, na mpasua mbao naye hatapotea. Zisipowekwa, ipo siku mtu atateleza peke yake na hakuna atakayejua pa kumtafuta.

Sina jibu la kumzidi. Najua tu kwamba kutoweka alama hakuihifadhi njia. Njia kama hii huhifadhiwa na miguu, na mpaka umepunguza miguu kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakiingia watafiti, wageni na walinzi peke yao, msitu unaweza kubaki mzima huku majina ya mahali yakifa humo ndani. Hapo Uluguru itakuwa kama alivyoijua Smuts: mbavu mbili, na katikati hakuna kitu.

Wakati wa kushuka nilimwomba anitajie majina ya mahali tulipopita, kutoka juu hadi mpakani, nikayaandika moja moja kwenye daftari lililolowa. Mengine aliyarudia mara tatu ili niyasikie vizuri. Nikamuuliza kama kuna mpwa anayemfundisha. Alisema yupo, mtoto wa dada yake, anaendesha bodaboda mjini. Amepanda naye mara mbili. Jumamosi inayofuata, kama mvua haitanyesha, itakuwa ya tatu.