Miti ya Thamani: Gitega na Muyinga (Burundi)

Miti ya asili ya Burundi ambayo biashara yake ya nje imewekewa sharia na mataifa ni michache, na iliyo mashuhuri kati yake hutafutwa kwa mizizi au magome kuliko mbao. Ndiyo sababu mkataba wa CITES wa biashara hiyo, uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na ambao Burundi iliingia mwaka 1988, unaihusu zaidi njia ya Muyinga kuliko karakana za Gitega.

Upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki, ndiko kiliko kituo cha forodha cha Kobero, kinachokabiliana na Kabanga ya Tanzania. Miongoni mwa miti ambayo biashara yake ya nje imewekewa sharia upo msandali (Osyris lanceolata), mti mdogo wa nyika, wenye tabia ya kunyonya mizizi ya majirani zake, ambao manukato yake hupatikana zaidi mizizini, basi anayeutaka haukati, bali huung'oa. Tena iko miume na mike, na wavunaji hupendelea mike kwa wingi wa mafuta, hata ule uliokuwa uzae mbegu ndio unaotangulia kwisha. Sijui hasara iliyopangwa vibaya kuliko hiyo. Kenya iliupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 misandali ya Burundi, pamoja na ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia, ikatiwa katika Orodha ya Pili ya mkataba, ambayo haikatazi biashara, ila hudai hati ya serikali kwamba uvunaji hauudhuru mti huo porini.

Umuremera (Prunus africana), unaoota katika misitu ya milimani kama Kibira na kuchunwa magome kwa dawa ya tezi ya wanaume huko Ulaya, ulitangulia kuorodheshwa mwaka 1995. Mbao hasa zilichelewa: mininga, mikongo na mikangazi ya Afrika iliongezwa kwa jumla katika mkutano wa Panama mwaka 2022.

Gitega, makao makuu ya nchi tangu 2019, mambo ni mengine. Karibu na mji kipo kilima cha Gishora, patakatifu pa ngoma za kifalme, ambazo uchezaji wake wa kimila UNESCO iliuingiza katika urithi usioshikika wa wanadamu mwaka 2014. Kila ngoma huchongwa katika gogo moja la umuvugangoma, yaani mringaringa (Cordia africana), likatobolewa ndani na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti, kwa hiyo hutaka shina nene lililokaa miaka mingi. Mafundi seremala, kwa upande wao, wameridhika na mgrivea na mkaratusi, miti ya kigeni iliyopandwa. Na kuni na makaa hula zaidi ya wote hao.

Mringaringa haumo katika orodha za CITES, wala si ajabu, maana orodha hizo ni za miti inayohatarishwa na soko la nje, ilhali huu hukatwa na kutumika nyumbani. Mwenye shamba la kahawa au migomba Gitega na aupande humo, kwani hukubali kukaa nayo, na forodha ya Kobero haiwezi kumfanyia kazi hiyo.